Waya wa Hatua Tisa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao na ndoo mbili zilizopinduliwa, kwenye ukuta wa kibanda cha Fundi Risasi, pale barabara inapokata kona. Kibanda kimejaa redio zilizofumuliwa matumbo, na harufu ya risasi ya kuungia nyaya inayoyeyuka inapigana kila alasiri na harufu ya kahawa ya Mama Birika, na kila alasiri kahawa inashinda. Kwenye benchi, upande wa kivuli, anakaa Mzee Kanuni, aliyekuwa tarishi wa mahakama kwa miaka ishirini na saba. Alibeba mafaili mengi mpaka akaamini ameyasoma. Ndoo ya kwanza ni ya Geti, mlinzi wa ghorofa la ng'ambo ya barabara, ambaye hufungua lango la matajiri wake kwa rimoti akiwa amekaa hapa hapa, kikombe mkono wa pili. Ndoo ya pili ni ya Kipaza. Huyo ndiye mwenye hadithi, kwa hiyo mtazame vizuri: kijana wa miaka ishirini na minne, viatu vinang'aa, shati lina makunyanzi, mshereheshaji wa harusi zote za mtaa, na kwa maneno yake mwenyewe ndiye sauti namba moja kuanzia kona hii mpaka lami inapoishia. Shule aliiacha mapema. Anasema walimu walikuwa wanamkatiza akiongea.

Alhamisi hiyo Kipaza alikuwa kimya. Sasa Kipaza kukaa kimya ni jambo la kuitia watu. Geti alimwangalia, akamgusa paji la uso kwa kiganja.

— Huna homa, — alisema. — Basi ni harusi.

— Siyo harusi. Ni dada.

— Dada ndiye harusi, bwana.

Wote walijua. Jumamosi dada yake Kipaza anaolewa, hapo hapo kwenye uwanja ulio mbele ya kijiwe, na spika itasimama penye benchi hili. Bibi aliyewalea wote wawili amelala chumba cha nyuma, mlango wa tatu kutoka kona, na tangu nyonga yake igome mwaka jana hatoki kitandani. Dada alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kipaza: "Wageni wangu wasipoisikia sauti ya Bibi, mimi sitoki chumbani. Wewe si ndiye sauti namba moja? Utajua pa kuipitisha."

Kutoka kwenye spika mpaka kitanda cha Bibi ni hatua thelathini na nane. Kipaza alizipima mara nne. Mara ya mwisho alipanua miguu kwa makusudi mpaka suruali ikalalamika, zikawa thelathini na moja.

Na waya wa maiki ni hatua tisa.

Hapa lazima jambo lielezwe, maana ukilisikia juu juu utadhani watu hawa wamepungukiwa. Maiki ya Kipaza haina waya. Ilizaliwa hivyo kiwandani. Inaongea na spika kupitia hewani, na kwa sababu hiyo iliuzwa ghali. Lakini miaka mitatu iliyopita Mzee Kanuni alisimulia, kwa sauti ya mahakama, kwamba chochote kinachorusha mawimbi hewani kinataka leseni, na kwamba kuna mshereheshaji wa mtaa fulani alichukuliwa katikati ya harusi, yeye na maiki yake na spika yake, na bwana harusi pia kwa sababu ndiye aliyekuwa ameishika wakati ule. Kesho yake asubuhi Fundi Risasi aliifunga maiki waya wa bandia: waya mrefu wa pasi ya zamani alioletewa na Kipaza, ule wa kuvishwa kitambaa cha madoa meusi na meupe. Upande mmoja umegandishwa kwenye maiki kwa gundi. Upande wa pili umefungwa kwenye mguu wa spika, fundo la kufungia mbuzi. Hauchomekwi popote. Hivyo kwa miaka mitatu, mkaguzi yeyote ambaye angepita angeona kijana mwadilifu na waya wake. Na kwa miaka mitatu Kipaza ameshereheshea watu akiwa amefungwa mfano wa ndama, hatua tisa kushoto, hatua tisa kulia.

— Ongeza waya, — Geti alishauri.

— Nipitishe waya miguuni mwa wageni mia mbili? Shangazi zangu wakianguka, utawaokota wewe?

— Naokota wawili. Yule mkubwa mtanisaidia.

Kabla hawajapigana, Mama Birika aliweka birika chini. Mama huyu hununua gazeti kila siku; kwanza analisoma lote mpaka matangazo ya vifo, ndipo analifunikia vikombe.

— Tulieni niwasomee kitu, — alisema. — Na wewe Geti, ondoa kiatu kwenye kopo langu la sukari.

— Siasa? — aliuliza Mzee Kanuni.

— Maiki.

Ndoo ya Kipaza iliguna.

Mama Birika alinyoosha gazeti, akasoma bila haraka, kidole kikifuata mstari:

— "Umma unaarifiwa kwamba vifaa vya redio vya nguvu ndogo na masafa mafupi havitahitaji tena leseni. Vifaa hivyo ni pamoja na rimoti za malango na magari, kengele za mlango zisizo na waya, vichezeo vya watoto, vifaa vya kusaidia kusikia..."

— Ruka vichezeo, mama! — Kipaza alikuwa amesimama.

— Gazeti ni langu, nasoma nilivyolinunua. "...na maikrofoni zisizo na waya."

Kilichofuata hakikuwa na heshima. Kipaza aliruka, ndoo ikaanguka, kahawa ikatua kwenye suruali ya Mzee Kanuni, na mzee hakukasirika kwa sababu Geti alikuwa amemkumbatia. Fundi Risasi alichungulia kutoka kibandani na miwani yake ya kukuzia, jicho moja kubwa kama sahani.

— Nani amekufa?

— Leseni! — Kipaza alipiga kelele. — Leseni imekufa! Fundi, leta msumeno, nikate huu mkia!

— Ngoja, ngoja, — alisema Mama Birika. — Haijaisha. "Kwa sharti kwamba nguvu ya kifaa haizidi miliwati hamsini."

Furaha ilisimama mguu mmoja hewani.

— Miliwati ni nini? — aliuliza Geti.

— Ni wati iliyokatwa vipande elfu, — alisema Fundi Risasi. — Kipande kimoja ndiyo hiyo.

— Kwa hiyo hamsini ni nguvu ndogo?

— Ndogo sana. Hata mbu hashtuki.

Wote walimgeukia Kipaza polepole. Maana ni Kipaza huyu huyu aliyetangaza, harusi baada ya harusi, kwamba maiki yake inafika mpaka kinu cha unga. Ni yeye aliyesema kwamba siku moja alikohoa, na bawabu wa shule ya msingi akajibu pole.

— Kijana wa kinu cha unga, — alisema Mzee Kanuni akijipangusa suruali. — Maneno hayo unayakumbuka? Mimi ni shahidi.

— Nilikuwa natia chumvi, mzee.

— Uliapa.

— Niliapa kwa chumvi hiyo hiyo! Jamani, maiki yangu ni dhaifu. Ni nyonge. Mnaijua ilivyo, saa nyingine hata mimi niliyeishika sijisikii.

— Hiyo si kitu, — Geti alidakia, maana ghafla aliikumbuka rimoti yake na yeye hakutaka kuachwa nje ya msamaha. — Rimoti yangu mnaiona? Mpaka niikaribishe langoni, niibembeleze. Jana nimeifuta jasho.

— Muongo! Wewe unafungua lango kutokea hapa!

— Lango linafunguka kwa aibu. Linaniona nimekaa linajua natakiwa kuwa pale.

Fundi Risasi naye hakukubali kushindwa. Alisema redio moja iliyo kibandani mwake ni dhaifu kiasi kwamba taarifa ya habari ya saa mbili inaitoa saa tatu. Mzee Kanuni alisema hiyo ni kasi, si nguvu, na mahakamani wangetofautisha. Wakacheka mpaka Mama Birika akagonga birika kwa kijiko.

— Kuna sharti la pili, — alisema. — "Kifaa kisisababishe usumbufu kwa mawasiliano mengine. Na mwenye kifaa hatakuwa na haki ya kulalamika endapo kitasumbuliwa na vifaa vingine."

— Rudia hapo, — alisema Geti.

Akarudia.

— Yaani usisumbue, na ukisumbuliwa unyamaze?

— Ndivyo lilivyoandikwa.

— Basi mimi nimesamehewa leseni tangu nilipooa! — Geti alisimama na kuinua kikombe. — Mama mkwe anakaa kwangu mwezi wa nne huu. Sisumbui, na nikisumbuliwa sina pa kulalamikia. Nguvu yangu nyumbani kwangu haifiki hata miliwati tatu!

Kipaza alicheka mpaka machozi, lakini Mzee Kanuni aliinua kidole, na kidole cha Mzee Kanuni kikiinuka kinaitaka dunia nzima isubiri.

— Mnacheka. Mimi nauliza: harusi ya fundi seremala, lango la ghorofa lilifunguka lenyewe mara ngapi?

Geti alikaa.

— Mara sita, — alisema kwa sauti ndogo. — Karibu nifukuzwe kazi.

— Na kila mara lilipofunguka, huyu kijana alikuwa anasema nini kwenye maiki?

— "Pigeni makofi."

— Umeona! Amesumbua. Amri imetoka kwenye maiki, lango limetii. Sasa kama lango linatii, na lango ni chuma, je, vyuma vingine? Mimi nina jino la chuma hapa nyuma. Usiku ule lilikuwa linanguruma.

— Ulikuwa umekula mifupa, mzee.

— Lilinguruma kwa midundo! Na nikifunga mdomo nikauelekeza kusini, napata muziki.

— Basi jino lako linataka leseni, — alisema Fundi Risasi.

— Linapokea tu, halirushi.

— Halirushi? Mzee, mimi nakaa mbele yako kila siku. Linarusha.

Hapo Geti alitoka kwenye ndoo akakaa chini kabisa. Mama Birika aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Mzee Kanuni peke yake ndiye aliyebaki na uso wa korti, akaendelea kueleza kwamba kama meno yanapokea na malango yanatii, basi hata wale wanaoitikia "ndiyo" mbele ya shehe au padri pengine walisukumwa na maiki, na ndoa zote za mtaa huu miaka mitatu zinabidi zichunguzwe upya.

— Hata yangu? — Geti aliuliza kwa matumaini.

Lakini Kipaza alikuwa ameacha kucheka. Aliketi juu ya ndoo yake, maiki magotini, waya wa madoa ukining'inia.

— Jamani, — alisema. — Jumamosi ni keshokutwa. Dada akisema hatoki, hatoki. Mnamjua. Mwaka ule alisema hatakula ugali ulioungua, akalala njaa siku mbili, Bibi ndiye aliyepika upya. Niambieni tu: hii kitu ina miliwati ngapi? Imeandikwa wapi?

Fundi Risasi alianza kufuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

— Ilikuwa imeandikwa, — alisema. — Kwenye kikaratasi cha fedha, hapa chini ya kitako.

— Kiko wapi?

— Ulikuja mwenyewe ukaniambia, "Fundi, bandua kila kitu, mkaguzi asikute jina wala namba." Nikabandua.

— Ukakitupa?

— Mimi situpi kitu. Lakini pa kukiweka ndipo sipakumbuki.

Wakaingia kibandani wote wanne, kibanda cha mtu mmoja na nusu. Walipekua droo za skrubu, wakapekua nyuma ya redio, Geti akajigonga kwenye feni, Mzee Kanuni akapata kitambulisho chake kilichopotea tangu kustaafu. Kikaratasi hakikuonekana. Walipotoka, vumbi mpaka nyusi, Mama Birika alikuwa anakoroga kahawa yake mwenyewe bila wasiwasi wowote.

— Mmemaliza? — aliuliza. — Miaka mitatu iliyopita kopo langu la sukari lilitoboka, sisimizi wakahamia. Nilimwomba fundi anizibie tundu. Mnadhani aliliziba kwa kitu gani?

Akaligeuza kopo. Pembeni, chini kidogo, kilikuwepo kikaratasi cha fedha, kimekwaruzika lakini kizima. Fundi Risasi alipiga magoti mbele ya sukari, jicho kubwa likatembea juu ya herufi.

— "Maikrofoni isiyo na waya..." ndiyo yenyewe. "Nguvu..." — Akamtazama Kipaza kwa huruma. — Miliwati kumi.

— Kumi! — Geti alirusha kofia. — Kumi kwa hamsini! Umepita, dogo! Umepita na chenji!

Mzee Kanuni alitoa hukumu ya kuachiwa huru. Mama Birika alimimina kahawa ya bure, jambo ambalo halijawahi kurekodiwa. Lakini Kipaza alikuwa amesimama, mdomo umemshuka.

— Kumi tu? — alisema.

— Ulitaka ngapi?

— Hapana, ni sawa, ni vizuri. Lakini... kumi? Fundi, angalia tena, pengine sifuri moja imeliwa na sisimizi.

— Kijana, una wazimu? Umesamehewa!

— Nimesamehewa kwa unyonge! Mtu mzima naambiwa nenda zako, huwezi kumdhuru mtu!

Walicheka tena, na yeye akacheka mwisho, kwa sababu ni mtu wa kucheka. Ndipo swali la kweli lilipomjia.

— Sasa kumi... itafika kwa Bibi?

— Si uliiambia dunia inafika kinu cha unga? — alisema Geti. — Kinu ni hatua mia nne.

— Nilisema.

— Uliwahi kujaribu?

Kipaza alitazama waya. Hatua tisa kushoto, hatua tisa kulia, miaka mitatu. Hakuwahi kuvuka ya kumi. Hakuna aliyejua maiki ile inafika wapi, na mwenye maiki ndiye aliyejua kidogo kuliko wote.

— Washa spika, — alimwambia Fundi Risasi.

Fundo la mbuzi lilifunguliwa. Gundi ya fundi ilikataa kuachia upande wa maiki. Ni gundi ya kazi, walivuta wakaacha. Kipaza akaondoka hivyo hivyo, maiki mkononi, waya wa madoa ukimfuata mavumbini.

— Moja, — alisema, na spika ya kijiweni ikasema moja. — Mbili. Tatu.

Benchi zima lilisimama. Alipofika tisa, alisimama mwenyewe bila kuambiwa, mguu ukasita, bega likajiandaa kuvutwa. Hakuvutwa.

— Vuka! — walipiga kelele.

— Kumi! — Na spika: kumi! Sauti yenyewe ilikuwa imebadilika, ilikuwa inacheka. — Kumi na moja! Kumi na mbili! Jamani natembea! Geti, ukiniona rudisha taarifa, natembea! Kumi na tano! Habari za jioni, fundi cherehani! Kumi na tisa!

Kwenye ishirini na tano alikata kona ya nyumba, hawakumwona tena. Walibaki na sauti. Ishirini na nane ilikwaruza. Thelathini ilipotea, Fundi Risasi akashika kichwa, kisha ikarudi ndani ya thelathini na moja ikiwa na mlio wa mlango. Thelathini na nne. Mzee Kanuni alikuwa amefumba macho na kufunga mdomo, jino limeelekezwa kusini, akisaidia. Thelathini na sita. Ng'ambo ya barabara lango la ghorofa lilibaki limefungwa, Geti akalipigia saluti. Thelathini na saba.

— Thelathini na nane, — ilisema spika, taratibu sasa, sauti ya mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. — Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, — ilisema spika, kwa sauti nyingine.

Mama Birika alijifunika mdomo. Ilikuwa sauti ya Bibi, nzima nzima, kavu na ndefu, imejaa kona yote, imepanda ukutani, imeingia madirishani. Kwenye ghorofa la jirani mtu alizima redio asikilize. Juu, ghorofani kwa shangazi, kwenye chumba cha bibi harusi, dirisha lilifunguliwa kwa kishindo na dada mtu akatoa kichwa chenye rola za nywele.

— Hicho ni nini umeshika? — Bibi aliuliza.

— Ni maiki, Bibi. Sema chochote. Jumamosi utasema na wageni kutoka hapa hapa kitandani.

— Na hiki?

— Kipi?

— Hiki ulichokiburuta mpaka kwenye mkeka wangu. — Kikasikika kitu kikikwaruza, kikivutwa polepole, hatua tisa za waya zikipita mikononi mwa mwanamke asiye na haraka. — Madoa meusi, madoa meupe. Huu si waya wa pasi yangu?

Spika ilipumua.

— Miaka mitatu nimemdhania mke wa muuza mkaa ndiye mwizi, — iliendelea sauti ya Bibi, juu ya mtaa mzima. — Miaka mitatu navaa nguo zimejikunja kama majani makavu, na wewe mwenyewe shati lako hilo kama limetemwa. Haya, mjukuu wangu, sikugombezi. Nauliza tu nielewe. Huu waya wa pasi yangu, huko kwenu, unafanya kazi gani?

Kijiweni Fundi Risasi alimtazama Mzee Kanuni. Mzee Kanuni alimtazama Geti. Geti aliangalia ndani ya kikombe, kisha akamnyooshea Mama Birika, na Mama Birika akaliinamisha birika mpaka mwisho, likatoa matone mawili na makapi ya tangawizi.

— Jibuni basi, — alisema. — Nyinyi si ndio wataalamu?

Kutoka dirishani juu, dada alikuwa anacheka mpaka rola moja ikadondoka barabarani. Spika ilikwaruza, ikapulizwa mara mbili, kama mtu anayepoza chai.

— Kama hamjui, mniletee na fundi aufunge unapotakiwa, — alisema Bibi. — Jumamosi sizungumzi na watu nikiwa na makunyanzi.